Moto kwenye kidole cha mwisho: uchambuzi wa kisa cha Jiangxi

Tarehe 11 Novemba 1998 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa toleo maalumu kuhusu tiba mbadala. Humo ndani kulikuwa na ripoti ya kurasa chache ya Francesco Cardini wa Italia na Huang Weixin wa China, ripoti ya kumkunjisha uso daktari yeyote wa uzazi. Ilisema kwamba mama mjamzito ambaye mtoto wake amekaa matako chini anaweza kusaidiwa kwa kuwashiwa majani makavu yaitwayo moksa karibu na ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Hadungwi sindano, hanywi dawa, tumbo haliguswi. Kidole kinapashwa joto, na huko juu mtoto anajigeuza.

Kisa hicho ndicho ninachokichambua hapa, tangu kilipoanzia katika jimbo la Jiangxi, China, hadi pale Cardini alipokirudia kwao Italia na kukwama. Nimekichagua kwa sababu hakimpi raha mtu yeyote. Anayeuza tiba ya Kichina hutaja Jiangxi akaishia hapo, na anayeiponda hutaja Italia akaishia hapo. Ukiziweka ripoti zote mbili mezani, inakubidi uache kuuliza kama tiba "inaponya" na uanze kuuliza maswali madogo zaidi: alifanyiwa nani, mimba ikiwa na wiki ngapi, na alilinganishwa na nani.

Tatizo lenyewe

Mtoto kukaa matako chini si ugonjwa. Mimba ikiwa na wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa bado kichwa kiko juu. Nafasi ingalipo, maji yangalipo, anazunguka atakavyo. Wiki zinavyosogea wengi hujiweka sawa wenyewe, na mimba inapotimia wanabaki asilimia 3 hadi 4 tu ambao hawajageuka. Mkunga mzoefu hulitambua kwa mikono: akipapasa karibu na mbavu anakuta kitu kigumu cha mviringo, na mapigo ya moyo wa mtoto anayasikia juu ya kitovu badala ya chini yake. Ultrasaundi inathibitisha.

Hatari iko kwenye kujifungua. Kichwa ndicho sehemu kubwa na ngumu kuliko zote. Kikitangulia, njia inafunguka kwa kipimo chake na mwili unafuata. Kikija mwisho, kinaweza kukwama wakati kiwiliwili kimeshatoka na kamba ya kitovu imebanwa. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa juu ya jambo hili, wanawake 2,088 katika vituo 121 vya nchi 26. Waliopangiwa upasuaji, asilimia 1.6 walipata msiba wa mtoto kufa au kuumia vibaya. Waliopangiwa kujifungua kwa njia ya kawaida ilikuwa asilimia 5.0. Hospitali nyingi duniani zilibadilisha utaratibu karibu mara moja: matako chini, chumba cha upasuaji. Utafiti ule ulikosolewa baadaye kwa mambo kadhaa, lakini mlango uliofungwa nao haujafunguka tena sawasawa, kwa sababu kizazi kizima cha madaktari kimekua bila kumzalisha mtoto wa matako kwa mikono.

Na upasuaji una gharama zake hata ukienda vizuri. Mama wa mimba ya kwanza anaondoka na kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kila mimba inayofuata italibeba kovu hilo. Ndiyo maana njia yoyote nafuu ya kumgeuza mtoto mapema inastahili kuangaliwa, hata ikitoka mahali pasipotarajiwa. Hospitali wanayo njia yao: kuanzia wiki ya 36 au 37 daktari anaweza kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, mapigo ya moyo yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Hufanikiwa kwa karibu nusu ya wanawake, na wenye mimba ya kwanza hupata chini ya hapo. Moksa inaingia kabla ya hatua hiyo, kwenye zile wiki ambazo daktari kwa kawaida husema tu, "Tusubiri."

Majani, msokoto na joto

Moksa ni majani ya artemisia, mmea wa jamii moja na pakanga, yaliyokaushwa, yakatwangwa na kupepetwa hadi vumbi na vijiti viishe, zikabaki nyuzi laini mfano wa sufi. China hutumia hasa aina iitwayo kitaalamu Artemisia argyi, na ile ya Qichun katika jimbo la Hubei ndiyo yenye sifa kubwa. Qichun ni nyumbani kwa Li Shizhen, mwandishi mkuu wa dawa wa karne ya 16, na mji umeishi kwa sifa hiyo hadi leo. Majani huvunwa mwanzoni mwa kiangazi na huwekwa kwa miaka kadhaa kabla ya kutumika, maana yaliyokaa huungua polepole na joto lake ni tulivu kuliko ya mwaka huohuo.

Hapa niweke onyo dogo, kwa sababu Afrika Mashariki artemisia ni jina linalojulikana. Ile inayolimwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa ajili ya dawa za malaria ni Artemisia annua, ndugu tu wa hii. Majani ya shambani kwako hayageuki moksa kwa kukaushwa juani.

Nyuzi zile hutumika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuzifinyanga kuwa vipande vidogo na kuviwasha juu ya ngozi yenyewe au juu ya kipande cha tangawizi. Ya pili, inayotuhusu hapa, ni kuzisokota kwenye karatasi zikawa msokoto mnene kama kidole gumba, kuuwasha upande mmoja na kuushika sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi. Mtu anasikia joto zuri, ngozi inakuwa nyekundu, msokoto hauigusi. Harufu yake ni nzito, na wengi huifananisha na ya bangi. Usiipuuze harufu hiyo. Itarudi mbele kwenye kisa hiki na kufanya kazi kubwa.

Wachina huhesabu moto na sindano kuwa tawi moja la tiba, lakini kuna dalili kwamba moto ndio mkubwa kwa umri. Maandishi yaliyofukuliwa mwaka 1973 kwenye kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, yanaeleza njia za mwili na kuchoma moksa juu yake. Sindano hayazitaji.

Kwa nini kidole kidogo? Katika tiba ya Kichina, njia ya kibofu huanzia kwenye jicho, hupita kichwani na mgongoni, na kuishia kwenye kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Kituo hicho cha mwisho kinaitwa Zhiyin, na kwenye orodha za kimataifa ni namba 67 ya njia ya kibofu. Kibofu kinaungana na figo, na figo ndizo zinazotawala uzazi. Joto linaloingia pale linaaminika kuamsha nguvu ya mwendo iliyolala. Si lazima ukubali hata mstari mmoja wa maelezo hayo ili kulijaribu jambo lenyewe, na hilo ndilo lililonivutia kwa Cardini na Huang. Wao hawakwenda kuthibitisha njia za nishati. Walikwenda kuhesabu vichwa.

Jiangxi, Aprili 1995 hadi Agosti 1996

Kazi ilifanyika katika hospitali mbili: ya wanawake ya jimbo la Jiangxi, mjini Nanchang, na ile ya wanawake na watoto ya Jiujiang. Walichukuliwa wanawake 260, wote mimba ya kwanza, wote wiki ya 33, wote wamethibitishwa kwa ultrasaundi kwamba mtoto yuko matako chini. Uchaguzi wa mimba ya kwanza si wa bahati. Mwanamke aliyekwisha kuzaa ana misuli ya tumbo iliyolegea na mtoto wake hugeuka kirahisi, hata dakika za mwisho. Wa mimba ya kwanza ndiye anayempa mtafiti kazi ngumu, na ndiye mwenye mengi ya kupoteza akipasuliwa.

Kwa kura, 130 walipewa moksa na 130 waliachwa na huduma ya kawaida. Wa kundi la moksa walifundishwa namna ya kufanya na wakaifanya nyumbani, mume au ndugu akishika msokoto, robo saa kila mguu, kwa siku 7. Kama mtoto hakugeuka, walirudia siku 7 nyingine. Wanawake wa makundi yote mawili walihesabu pia mara ambazo mtoto alicheza ndani ya saa moja kila siku, kwa wiki moja.

Sasa namba. Wiki ya 35, upande wa moksa watoto 98 kati ya 130 walikuwa wametanguliza kichwa, yaani asilimia 75.4. Upande wa pili walikuwa 62, asilimia 47.7. Watoto wa kundi la moksa walicheza wastani wa mara 48.45 kwenye saa ile ya kuhesabu, wenzao 35.35.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Wale 62 hawakufanyiwa moksa. Waligeuka wenyewe. Hivyo katika wale 98 wa upande wa moto, tunaweza kukadiria kwamba karibu 62 wangegeuka hata kama mume angebaki sebuleni akitazama mpira. Moksa inadai sifa ya 36. Kwa hiyo mama anapokuambia, "Nilichoma moksa, na mtoto akageuka," anasema kweli tupu, na bado kwa hesabu ya Jiangxi karibu theluthi mbili ya akina mama wanaosema hivyo wangesema "Nilisubiri, na mtoto akageuka." Hakuna anayeweza kujua yeye yuko upande gani. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata wa dada yako wa tumbo moja, hauwezi kuitatua hesabu hiyo, na ndiyo maana kundi la kulinganisha lina thamani kuliko shuhuda mia.

Lakini 36 kati ya 130 si kidogo. Kwa kila wanawake wanne hivi waliochoma moksa, mmoja alipata kichwa chini ambacho asingekipata. Dawa nyingi zinazouzwa kwa heshima zinaitamani hesabu hiyo.

Kisha inakuja siku ya kujifungua, na hapo hesabu inabadilika sura. Upande wa moksa, vichwa vilivyotangulia vilikuwa 98 vilevile. Upande wa pili vilipanda kutoka 62 hadi 81, asilimia 62.3. Nini kilitokea katikati? Wanawake 24 wa kundi la kulinganisha waligeuziwa mtoto kwa mikono na daktari, dhidi ya mmoja tu wa kundi la moksa. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba moksa ilishinda kwa 75 dhidi ya 62 wakati wa kuzaa, ujue haikushindana na kukaa bure. Ilishindana na kusubiri pamoja na mikono ya daktari, ikazidi kwa watoto 17. Na wale 32 wa upande wa moksa ambao hawakugeuka wangeweza nao kujaribiwa kwa mikono, ila ni mmoja tu aliyejaribiwa. Hapa ripoti inaipunja moksa kidogo, na ni ajabu jinsi mashabiki wake wasivyowahi kulitaja hilo.

Mapungufu je? Kubwa ni kwamba kila mtu alijua nani anapewa nini. Mwanamke aliyeambiwa kwamba joto litamchezesha mtoto wake atahesabu michezo kwa sikio lililotegwa, kwa hiyo zile 48 dhidi ya 35 mimi nazichukua kwa tahadhari. Kichwa ni jambo lingine. Kichwa hakidanganyiki kwa matumaini, kinaonekana kwenye ultrasaundi na kinaonekana siku ya kuzaliwa. Hata hivyo kuna njia ya pembeni ambayo matumaini yangeweza kupitia: mama wa moksa alipata nusu saa ya kutulia kila siku, amekaa, miguu imenyooshwa, mwenzake yuko miguuni pake. Mwenzake wa kundi la pili huenda wakati huo alikuwa anaosha vyombo. Je, kilichogeuza watoto 36 ni joto la Zhiyin, au ni pumziko? Ripoti ya 1998 haikuweza kujibu.

Italia

Cardini alifanya jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi baada ya kufanikiwa kwa kishindo: alirudia. Safari hii ni idara sita za uzazi nchini Italia, wanawake wa mimba ya kwanza wasio Wachina, wiki ya 32 hadi siku tatu ndani ya ya 33. Mpango ulikuwa uleule, moksa wiki moja au mbili dhidi ya kuangaliwa tu.

Hawakufika idadi waliyoipanga. Walipofika 123 utafiti ulisimamishwa. Ukaguzi wa katikati ulionyesha kwamba wanawake wengi walikuwa wanaacha matibabu njiani. Na namba zilizokuwa zimepatikana zilikuwa za kukatisha tamaa: wiki ya 35, vichwa chini 22 kati ya 65 upande wa moksa, na 21 kati ya 58 upande wa pili. Asilimia 34 kwa 36. Ripoti ilitoka mwaka 2005 katika jarida la uzazi la Uingereza, BJOG.

Walioacha waliacha kwa nini? Malalamiko yaliyoandikwa ni ya kawaida kabisa: harufu mbaya, kichefuchefu, koo kuwasha, maumivu ya tumbo kutokana na mfuko wa uzazi kukaza. Sasa fikiria nyumba ya ghorofa katika mji wa Italia, mjamzito wa miezi minane, msokoto unaofuka moshi wa kunuka kama bangi kila siku, na jirani wa juu anagonga mlango. Nanchang hali ni nyingine. Huko moksa iko kwenye hospitali za kawaida, na ni huko huko ambako daktari Chen Rixin amejenga mtindo mzima wa kuchoma moksa kwa kufuata sehemu za mwili zinazohisi joto kwa namna ya pekee. Mama wa Jiangxi aliyepewa msokoto hakupewa kitu kigeni.

Waandishi wenyewe walihitimisha kwa uangalifu: matokeo yale hayathibitishi kwamba moksa inafanya kazi wala kwamba haifanyi, yanaonyesha ugumu wa kupima tiba iliyohamishwa kutoka utamaduni mmoja kwenda mwingine. Ninawaelewa, lakini sitawaachia hivihivi. Kusema "hawakuitumia ipasavyo" ni mlango ambao kila tiba iliyoshindwa inaweza kutokea. Ikiwa tiba inahitaji mama avumilie moshi kila siku kwa wiki mbili, na nusu ya dunia haiwezi kuuvumilia moshi huo, basi uvumilivu ni sehemu ya tiba na kushindwa kuuvumilia ni sehemu ya matokeo. Daktari anayeandika dawa chungu hawezi kuhesabu wale tu walioimeza.

Kuna kitu kingine kwenye namba za Italia ambacho naona kimesahauliwa. Tazama kundi la kulinganisha. Jiangxi waligeuka wenyewe asilimia 47.7. Italia asilimia 36. Makundi yote mawili hayakuguswa na moto wowote, wiki zinakaribiana, na bado wametofautiana kiasi hicho. Maana yake, hata kabla hujawasha kiberiti, hukuwa na wanawake walewale. Ukimchukua mama wa moksa wa Nanchang ukamlinganisha na mama asiye na moksa wa Turin, utapata muujiza usiokuwepo.

Waliofuata

Italia hiyohiyo, mjini Modena, kundi la Isabella Neri lilikuwa limeripoti mwaka 2004 matokeo mazuri: asilimia 53.6 dhidi ya 36.7. Lakini wao waliunganisha moksa na sindano, na matibabu yalifanywa hospitalini na mtaalamu. Mume hakupewa msokoto. Hilo linaongeza uzito kwa hoja ya uvumilivu.

Geneva, mwaka 2009, wanawake 212, wiki ya 34 hadi 36: asilimia 18 kwa 16. Hakuna tofauti. Kwangu hii ndiyo ripoti yenye funzo kubwa baada ya Jiangxi, na funzo liko kwenye namba ya pili tena. Waliogeuka wenyewe ni 16 tu kwa mia. Wiki mbili tatu za kuchelewa zimeondoa nafasi iliyokuwepo: mtoto amenenepa, maji yamepungua, matako yamekaa kwenye nyonga. Kama tunaamini kwamba moksa haimgeuzi mtoto bali inamchokoza acheze zaidi hadi ajigeuze, basi kumchokoza mtu asiye na pa kugeukia hakuna faida. Wanawake wa Geneva, ajabu, waliipenda tiba yenyewe na wengi walisema wangeipendekeza kwa wengine.

Kisha Hispania, mwaka 2013, Jorge Vas na wenzake. Hawa ndio waliolishughulikia swali la pumziko. Waliwagawa wanawake 406, wiki ya 33 hadi 35, katika makundi matatu: moksa kwenye kidole kidogo, moksa ya uongo kwenye kidole gumba cha mguu, na huduma ya kawaida. Kichwa chini wakati wa kuzaa: 58.1, 43.4 na 44.8 kwa mia. Kidole gumba kiliambulia patupu. Mama alikaa, alitulia, alinusa moshi uleule, joto lilikuwa lilelile, ila sentimita chache pembeni. Sijui mtu asiyeamini vituo vya Kichina analielezaje hilo, na sioni aibu kusema kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Wanaotafuta maelezo ya kifiziolojia husema joto la muda mrefu kwenye ncha ya mguu hupeleka taarifa kupitia neva hadi kwenye mfuko wa uzazi, homoni za kondo la nyuma zikabadilika, misuli ikakaza kidogo, mtoto akasisimka. Inaingia akilini, hasa ukikumbuka malalamiko ya Waitalia ya tumbo kukaza. Bado ni dhana.

Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 13 yenye wanawake 2,181. Yalisema kwamba moksa ikiongezwa kwenye huduma ya kawaida pengine inapunguza uwezekano wa mtoto kuwa matako chini siku ya kuzaliwa, kwa kadiri ya asilimia 13. Pungufu sana kuliko Jiangxi, na zaidi ya sifuri. Kwenye idadi ya upasuaji hawakuona tofauti ya maana. Hilo la mwisho linauma kidogo, kwa sababu upasuaji ndio uliokuwa sababu ya kuhangaika kote huku. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza kiliandika kwenye mwongozo wake wa 2017 kwamba mwanamke anaweza kuifikiria moksa wiki ya 33 hadi 35, chini ya mtu aliyefundishwa. Ni sentensi moja, yenye tahadhari, na nadhani imekaa mahali pake.

Kwetu

Madaktari wa China wapo Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na vituo binafsi vya tiba ya Kichina viko katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Wala joto kwenye uzazi si jambo geni kwa wanawake wa pwani, ambako mzazi hukandwa maji ya moto baada ya kujifungua. Kwa hiyo si ajabu mama wa Mwanza, Mombasa au Kampala akasikia habari za moksa na kutaka kujaribu.

Akiuliza, ningemwambia hivi. Kwanza athibitishe kwa ultrasaundi kwamba mtoto kweli yuko matako chini, kwa sababu pesa nyingi zimetumika kuwageuza watoto ambao walikuwa sawa. Ahesabu wiki zake vizuri kwa kadi ya kliniki. Wiki ya 33 hadi 35 ndiyo dirisha. Kabla ya hapo wengi hugeuka bure, na baada ya hapo Geneva imeshajibu. Amuulize daktari au mkunga wake kabla ya kuwasha chochote, na asiwashe kabisa kama ana mapacha, anatoka damu, kondo limekaa chini, chupa imepasuka, presha iko juu, au ana kovu la upasuaji wa nyuma. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua asijue. Dirisha liwe wazi, maana moshi ni moshi tu, hata ukiwa wa dawa, na anavuta yeye na mtoto. Msokoto uzimwe kwa kuchomekwa kwenye mchanga au chombo kilichofunikwa. Ukizimwa juu juu huendelea kuungua ndani kwa ndani, na nyumba zimewahi kushika moto kwa vitu vidogo kuliko huo.

Na asichanganye moksa na kugeuzwa tumbo nyumbani. Wapo wakunga wa jadi na wakandaji wanaomshika mtoto kwa nguvu na kumzungusha, bila kipimo cha moyo, bila kujua kondo liko wapi. Kondo linaweza kubanduka. Anachofanya daktari hospitalini kinafanana na hicho kwa macho tu, kwa sababu yeye amekwisha kuangalia kondo na maji, anasikiliza moyo wa mtoto kila hatua, na ana chumba cha upasuaji hatua chache kutoka hapo.

Akishafanya siku zake 7 au 14 apimwe tena, hata kama amehisi mtoto amepiga pinduka la nguvu usiku. Pinduka la usiku linaweza kuwa nusu duara. Wiki ya 36 ikifika na kichwa bado kiko juu, moksa imemaliza zamu yake: azungumze na daktari juu ya kugeuziwa mtoto kwa mikono, na apange mapema kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, na gari la kumfikisha huko usiku wa manane.